Siku za Rumande Ni za Nani?

Maandiko: Mambo ya Walawi 25:47–53, Matendo ya Mitume 24:24–27

Jumapili iliyopita Pasta wetu alituhubiria Yusufu gerezani, na kanisa lilipiga makofi alipofika pale Yusufu ananyoa, anabadilisha nguo na kuingia kwa Farao. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nilikwama kwenye ile miaka miwili mizima kati ya siku mkuu wa wanyweshaji alipotoka jela na usiku Farao alipoota. Mwanzo 41:1 inaitaja kwa mstari mmoja halafu inasonga mbele. Sisi wahubiri pia tunairuka, tunakimbilia ikulu. Lakini miaka miwili ni siku 730, na kila moja ilikuwa na asubuhi yake na jioni yake, na zilimpata kijana ambaye hakuna hakimu aliyekuwa amemhukumu.

Nilikwama hapo kwa sababu wiki hiyo nilikuwa natembea na karatasi mbili za daftari ndani ya Biblia. Nilipewa na kijana mmoja katika gereza ambalo timu yetu hutembelea Jumamosi ya tatu ya kila mwezi. Sitataja jina lake wala la gereza. Tulikuwa tumemaliza maombi, akina mama wanagawa sabuni na tishu, akanivuta kando na kusema, "Pasta, nimesikia wewe ulisomea mambo ya biashara. Nihesabie hii. Mimi nikihesabu nakosa, ama nadhani nakosa."

Basi nikaketi kwa benchi nikahesabu. Alikamatwa usiku mmoja pamoja na mwenzake, wamevunja stoo ya nafaka. Korti iliwapa wote wawili bondi sawa, shilingi laki mbili na mdhamini. Mjomba wa yule mwenzake alikuwa na hati ya shamba. Kijana akatoka siku ya nne. Huyu wangu alikuwa na mama peke yake, na mama mwenyewe analimia watu kahawa kwa kibarua cha siku. Akabaki rumande. Mara shahidi hayupo, mara faili haionekani, mara hakimu amehamishwa na kesi inasubiri mwingine. Hukumu ilipokuja, miezi 28 ilikuwa imepita. Wote wawili wakapatikana na hatia, na kwa haki kabisa, maana yeye mwenyewe hakuniambia hakufanya. Kila mmoja akapewa miaka sita. Na waranti ya kila mmoja ikaandikwa miaka sita kuanzia siku ya hukumu.

Sasa shika kalamu. Miaka sita ni miezi 72. Sheria ya Magereza, kifungu cha 46, inampa mfungwa anayefanya kazi na kushika nidhamu nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Si kila kosa linapata nafasi hiyo, lakini la kwao linapata. Theluthi ya 72 ni 24, inabaki 48. Yule aliyekuwa nje kwa bondi ataingia siku ya hukumu na kutoka baada ya miezi 48. Huyu wa rumande atakaa miezi 48 hiyo hiyo, lakini nyuma yake kuna 28. Jumla 76. Yaani akiwa mfungwa mwema kabisa, asiyegombana na afande wala kukosa kazi hata siku moja, atalala ndani miezi minne zaidi ya kile kifungo chote alichopewa na hakimu.

Nilihesabu mara tatu. Hakuwa anakosa.

Wakili mmoja ambaye ni mshirika wetu alinisaidia kuelewa upande wa sheria, maana mimi sikusomea. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 333(2), inasema kifungo huhesabiwa tangu siku kinapotamkwa. Ndivyo ilivyokuwa zamani, basi. Lakini mwaka 2007 Bunge liliongeza maneno: kama mtu alikuwa amezuiliwa kabla ya hukumu, hukumu hiyo lazima izingatie muda aliokaa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilipata mtu aliyekuwa ndani miaka tisa kabla ya kuhukumiwa, na hakimu wa chini hakuonyesha popote kwamba aliihesabu miaka hiyo. Majaji wakasema ameadhibiwa vya kutosha, wakamwachilia. Mwaka 2018, kwenye kesi ya raia wawili wa Iran waliokamatwa Juni 2012, mahakama hiyo hiyo ikaeleza jambo ambalo mhasibu yeyote angelikubali: haitoshi hakimu kusema tu "nimezingatia", halafu aandike kifungo kianze siku ya hukumu. Kuzingatia ni kupunguza. Kama hujapunguza, hujazingatia.

Kwa hivyo kijana ana njia. Anaweza kuandikia Mahakama Kuu aombe hukumu yake ipitiwe, hata kwa mkono, na wafungwa wengi nchini wameandika hivyo. Katiba yetu, Ibara ya 51, inampa pia mtu aliyezuiliwa haki ya kuomba ile amri ya kale iitwayo habeas corpus, ambayo humlazimisha anayemshikilia mtu amlete kortini na aeleze anamshikilia kwa idhini gani. Na Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ziko haki nne tu ambazo Katiba imezifungia namna hiyo, na hii ni mojawapo.

Kama mambo yangeishia hapo, ningemwandikia ile barua nikalala. Lakini stoo iliyovunjwa ni ya mama mmoja wa kanisa letu.

Amenipa ruhusa kuandika haya bila jina. Nilimwendea kabla ya kuandika barua yoyote kwa sababu niliona aibu kumfanyia jambo kama hilo mgongoni, naye hukaa safu ya tatu kila Jumapili. Alinikaribisha, akanipa chai na ndizi za kuchemsha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pasta, mahindi yale niliyanunua na mkopo. Walibeba magunia, wakabeba maharagwe, wakabeba hata mizani. Chama hakikuniuliza kama nimeibiwa. Nililipa elfu sita kila mwezi, miezi 36. Wewe umehesabu miezi ya huyo kijana. Yangu ilihesabiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Pale ndipo nilipoelewa kwamba nilikuja na hesabu ya upande mmoja.

Nikafanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa la hekima. Miaka kadhaa iliyopita mama huyu aligombana na watu fulani waliomkopesha, kwa sababu malipo yake mawili hayakuingizwa kwenye kitabu chao. Alikuja ofisini kwangu na risiti zake kwenye karatasi ya plastiki, tukazipanga, tukaenda pamoja, wakarekebisha. Nikamkumbusha. Nikamwambia, Mama, ulikuwa bado unadaiwa, na hukukataa deni. Ulikataa tu kulipa mara mbili. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Hizo risiti zilikuwa za pesa yangu. Siku zake si zake. Ni za kosa lake."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mahubiri mengi. Kwa maana moja mama ana haki: yule kijana asingevunja stoo, asingekuwa na siku za rumande za kudai. Lakini angalia kinachofuata tukikubali kwamba siku zake zote ni za kosa lake. Basi nazo za yule mwenzake ni za kosa lake, maana kosa ni moja, usiku mmoja, stoo moja. Kosa limelingana, hukumu imelingana, lakini mmoja analipa miezi 48 na mwingine 76. Ile 28 ya katikati haikutoka kwenye kosa. Ilitoka kwenye hati ya shamba ambayo mmoja alikuwa nayo na mwingine hakuwa nayo. Mama mwenyewe hajapata chochote kutoka kwa miezi hiyo. Gunia moja halijarudi kwa sababu yake. Ni siku zilizochukuliwa ambazo hazimlipi mtu yeyote deni lolote, na mimi kwa masomo yangu sijui jina la kitu kama hicho isipokuwa hasara.

Paulo aliijua hasara hiyo. Matendo 24 inasema Feliki alikuwa akimwita mara kwa mara kuzungumza naye, akitumaini atapewa pesa. Pesa hazikuja. Miaka miwili ikapita, Feliki akaondoka, na akamwacha Paulo kifungoni kwa sababu alitaka kuwapendeza watu. Soma tena uone kama si kesi ya kwetu: bondi isiyotamkwa, mkubwa kuhamishwa, faili kurithiwa na Festo aanze upya.

Lakini andiko lililonishika zaidi ni lile la Walawi 25, ambalo nakiri sijawahi kulisikia likihubiriwa hapa Kenol, hata na mimi. Mwisraeli amefilisika, amejiuza kwa mgeni tajiri. Ndugu yake anataka kumkomboa. Bei ni ngapi? Mungu, aliyeumba nyota, anaketi na kufundisha hesabu: wahesabu tangu mwaka aliojiuza mpaka mwaka wa yubile, na miaka aliyokwisha kutumika ihesabiwe kama ya kibarua wa ijara. Ikiwa imebaki mingi, alipe kwa mingi. Ikiwa imebaki michache, alipe kwa michache. Hakuna sehemu inayosema mtu huyu alikuwa mwema. Huenda alifilisika kwa ulevi. Huenda kwa ujinga. Haijalishi, miaka aliyokwisha kutoa imetoka mwilini mwake, na tajiri hawezi kuisahau ili auze mtu yule mara ya pili. Na katika andiko hilo Mungu haiiti hesabu hiyo huruma. Ni bei tu.

Hapa ndipo naona sisi walokole tunateleza. Tunapenda rehema sana, na ni vizuri. Mtu akitaja mfungwa, tunaombea msamaha wa Rais, tunaombea milango ifunguke kama ya Paulo na Sila. Lakini kijana yule hakuniomba rehema. Aliniomba hesabu. Nikimpa kama rehema kitu ambacho tayari ni chake, nimemdanganya, na nimejifanya mkarimu kwa mali ya mtu. Ule mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ambao mara nyingi tunautumia kusema Mungu hahesabu saa, hebu usome polepole. Wale wa asubuhi walipewa dinari moja kama walivyopatana. Haikupungua. Mwenye shamba alianza ukarimu wake baada ya kila mtu kupata haki yake, na akaufanya kwa pesa yake mwenyewe.

Kuna swali lingine lililo gumu zaidi, na nitalitaja ingawa halimhusu kijana wangu moja kwa moja. Je, siku za nje zenye masharti zihesabiwe? Yule mwenzake alikaa nje miezi 28 akiripoti kortini. Alilala kwao, alikula ugali wa mama yake, akaoa. Sioni akidai siku hizo, na yeye hajadai. Lakini Marekani, jimbo kama Texas, mtu huachiliwa kabla ya kifungo kuisha, akapewa masharti: uripoti kwa afisa, usihame, usinywe, ufanye kazi. Anaweza kushika masharti kwa miaka. Siku akianguka, anarudishwa ndani, na kwa wengine ile miaka yote ya nje inafutwa, anaanza kuhesabu pale alipoachia. Wengi wamepeleka malalamiko hayo mpaka mahakama za shirikisho kwa kutumia habeas corpus, na mara nyingi wameshindwa: wamejibiwa kwamba kuwa nje si kuwa ndani.

Ni kweli? Paulo kule Rumi alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, akipokea wageni, na askari yuko mlangoni na mnyororo mkononi. Alikuwa ndani au nje? Wazee wetu wa Murang'a wanakumbuka mfano wa karibu zaidi. Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria Aprili 1953 miaka saba. Mwaka 1959 akatolewa gereza la Lokitaung, lakini akapelekwa Lodwar, akaishi katika nyumba, asiruhusiwe kuondoka, na aliachiliwa kabisa Agosti 1961 tu. Mwambie mzee yeyote aliyekuwa hai wakati huo kwamba Lodwar ilikuwa uhuru, uone atakavyokujibu. Na maelfu ya wengine wa hapa kwetu walikaa kambini bila kuhukumiwa kifungo chochote, kwa hivyo hakukuwa hata na mahali pa kutoa siku zao.

Mimi nadhani siku ambayo mtu ametii haiwezi kugeuzwa kuwa siku ambayo hakutii, kwa sababu ya kosa la siku nyingine. Muadhibu kwa lile la leo. Lakini nilipokuwa najipongeza kwa wazo hilo nikakutana na Ezekieli 18:24, ambapo mwenye haki akigeuka, matendo yake yote ya haki hayatakumbukwa. Andiko hilo limenikalia vibaya. Naweza kusema sura hiyo inazungumza juu ya mtu kuishi au kufa mbele za Mungu, si juu ya waranti, na kwamba sura hiyo hiyo inafuta makosa yote ya mwovu anayegeuka, jambo ambalo hakuna gereza linalofanya. Asiyefuta pande zote mbili asijifanye anafuata Ezekieli. Hapo nimefika, sijapita. Mwenye nuru zaidi anitafute.

Nirudi kwa mama. Nilipomweleza Walawi 25, alisoma mwenyewe kwa Biblia yake ya Kikuyu, kidole kwenye mstari. Halafu akauliza swali la mtu wa biashara: "Na yule aliyenunua, yeye alirudishiwa kitu?" Ndiyo, Mama. Alilipwa miaka iliyobaki. Hakuna aliyemwambia asahau. "Mimi sijalipwa kitu." Ni kweli. Sheria yetu inaweza kuamuru mkosaji alipe fidia, lakini kijana asiye na kitu atalipa na nini? Filemoni 18 Paulo anasema kama Onesimo anadaiwa, aandikiwe yeye. Hakusema hakuna deni. Aliliweka kwenye hesabu yake. Nimewasomea wazee wa kanisa mstari huo Jumatano, nikawauliza kama liko jambo ambalo sisi tungeandikiwa, hata kama ni kumnunulia mizani. Tumemtembelea kijana miezi mingi na sabuni. Stoo ya mama tuliitembelea mara moja, tukaomba, tukanywa chai, tukaenda. Wazee hawajaamua. Nami nakiri sikufikiria jambo hilo mpaka aliponiuliza.

Jioni ile aliponisindikiza mpaka kwa lango, nikamwambia kwamba barua nitaiandika, lakini sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Akasema, "Andika. Miezi 28 ni 28. Lakini Pasta, usiniombe nifurahi."

Sikumwomba. Barua ilienda wiki iliyofuata, na kijana anangoja tarehe. Mama bado anakaa safu ya tatu. Tunasalimiana.

Kwa washirika walio na ndugu ndani: kama mtu wenu alikaa rumande kabla ya hukumu, niletee nakala ya waranti ya kifungo na karatasi ya mashtaka, ambayo huwa na tarehe ya kukamatwa. Tutaangalia kama siku zimehesabiwa. Nipo ofisini kila Jumatano baada ya maombi ya mchana, na wakili wetu amekubali kuja Jumatano ya mwisho ya mwezi. Hakuna malipo. Na aliyeibiwa au kuumizwa na mtu ambaye sasa yuko ndani, naye aje Jumatano hiyo hiyo, nitaweka kiti cha pili.